Wanaomlilia mbwa roboti si vichaa

Ndugu yangu uliyeuliza inakuwaje mtu mzima amlilie mbwa wa plastiki, hao watu si vichaa. Kampuni ya Sony walimtoa AIBO, huyo mbwa roboti, 1999, 2006 wakaacha kumtengeneza, 2014 wakafunga hadi huduma ya matengenezo, sasa mzee kaishi na kitu kinachomchangamkia akikiita miaka yote hiyo halafu spea hamna, unadhani anajisikiaje? Ndo maana kule Japani wengine waliwapeleka mbwa roboti wao hekaluni wakasomewa ibada ya maziko kabisa. Bibi yangu hapa Ujiji akiwa anachambua dagaa anampigia paka wake stori zote mpaka bei ya migebuka, paka anatikisa mkia tu, ila bibi anachangamka kwelikweli. Ninachoogopa mimi ni watoto walioko mjini kumnunulia mama mashine halafu simu ndo hawapigi tena, hiyo hapana jamani. Bora kama yule Paro, roboti wa umbo la sili, mnyama wa baharini, mweupe mwenye manyoya, ukimpapasa anafumba macho, anatumika kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, akiwepo mhudumu anayekaa nao na kuongea nao, hapo naunga mkono.