Kabla Hujanunua Amplifaya ya Hedifoni, Hesabu Volti Zako

Wanaojua ninavyopenda tekno na singeli huniuliza mara kwa mara: ninunue amplifaya gani ili besi ipige vizuri kwenye hedifoni? Nami huwarudishia swali: hedifoni yako ni ipi, na imekaaje masikioni? Amplifaya nzuri haina besi yake. Inachukua kilichomo kwenye rekodi na kukikuza bila kuongeza wala kupunguza chochote. Besi unayoitafuta inatoka kwenye rekodi, inapita kwenye hedifoni, na mara nyingi inavujia kwenye pedi, ile mito laini inayozunguka sikio.

Naishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga, na ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba cha jirani. Subwufa ikiwashwa saa nne usiku, jirani anaisikia kifuani kuliko hata mimi mwenyewe. Muziki ninaoupenda, yaani tekno ya Detroit, gqom ya Durban na singeli ya hapa hapa mjini, umejengwa juu ya besi. Kwa hiyo hedifoni ndiyo njia yangu ya kuusikiliza kwa ukamilifu bila kumnyima mtu usingizi, na nimeichukulia kwa uzito.

Tuanze na muziki wenyewe, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Roland, kampuni ya Japani, walipotoa mashine ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980, waliwapa watengenezaji muziki kiki (mlio wa ngoma ya besi) inayoshuka hadi karibu na hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na kuendelea kuvuma baada ya kupigwa. Mlio huo na jamaa zake umo katika tekno, umo katika hip hop, umo karibu kila mahali. Singeli nayo inakimbia, na biti yake hupita mapigo 200 kwa dakika. Fanya hesabu: kwa mapigo 200, kati ya pigo moja na jingine kuna sekunde 0.3 tu. Wimbi la hezi 50 linachukua sekunde 0.02, maana yake una mawimbi 15 kabla pigo lijalo halijafika. Kwenye haus ya mapigo 120 unayo 25. Hedifoni ambayo besi yake inachelewa kunyamaza inaweza kuivumilia haus, lakini kwenye singeli mapigo yanaungana na kuwa ngurumo moja. Ndiyo maana naijaribu hedifoni yoyote kwa singeli ya kasi kabla ya kitu kingine. Ukiyasikia mapigo yametengana, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake, hapo kuna hedifoni ya kununua.

Halafu pedi. Kwenye hedifoni iliyofungwa, besi ya chini kabisa inategemea pedi kuziba sikio pande zote. Mkono mnene wa miwani, kofia, mtandio uliopita chini ya pedi, au pedi zilizochakaa na kubonyea, vyote vinafungua upenyo, na besi inatoka kupitia hapo. Hakuna amplifaya duniani inayoziba upenyo huo. Kama hedifoni yako iliwahi kuwa na besi na sasa imepungua, bonyeza vikombe kidogo kwa mikono yako miwili. Besi ikirudi, tafuta pedi mpya. Kwa joto la pwani napendelea pedi za kitambaa laini kuliko za ngozi bandia, maana ngozi inalowa jasho, inapasuka na kuanza kubanduka. Hedifoni zilizo wazi nyuma zina sauti pana na hewa nzuri, ila zinaingiza kelele za feni na jenereta ya mtaa wa pili, na besi yake ya chini mara nyingi ni nyepesi. Kwa nyumba kama yangu nachagua iliyofungwa.

Sasa tuje kwenye volti. Hedifoni ina namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni impidansi, yaani ukinzani wake kwa umeme, inayopimwa kwa ohm. Ya pili ni usikivu, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inazotoa ikipewa miliwati 1. Fikiria bomba la maji: volti ni presha inayopandisha maji ghorofani, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Hedifoni ya ohm nyingi inataka presha. Ya ohm chache inataka wingi.

Mfano ninaoupenda ni Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa sababu inauzwa kwa ohm 32, 80 na 250, na usikivu wake ni desibeli 96 kwa miliwati 1. Ili ifike desibeli 110 kwenye vilele vya muziki, sauti ambayo hutaki kukaa nayo kwa muda mrefu, inahitaji miliwati 25. Miliwati hizo 25 kwenye ohm 32 ni volti 0.9. Kwenye ohm 80 ni volti 1.4. Kwenye ohm 250 ni volti 2.5. Simu nyingi zenye tundu la hedifoni, na vijiadapta vidogo vya USB-C, hutoa kati ya nusu volti na volti 1. Kwa hiyo ya ohm 32 inatosheka na simu, na ya 250 inabaki nyuma kidogo.

Nasema kidogo, kwa makusudi. Hata ukiipa hiyo ya ohm 250 volti 1 tu, vilele vyake vinafika desibeli 102. Muziki wa elektroniki wa siku hizi umebanwa sana wakati wa masta, hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi, na tofauti kati ya vilele na wastani ni ndogo kuliko kwenye muziki wa okestra, ambako sehemu za kimya ni kimya kweli. Ukiweka wastani wa desibeli 80, vilele vya tekno vinaweza kuwa karibu na 90 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Anayesikiliza ndani ya mipaka hiyo, kwa hedifoni ya kawaida, pengine haihitaji amplifaya kabisa. Najua wauzaji hawapendi kauli hii, lakini pesa hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye hedifoni bora au kwenye pedi.

Nani basi anaihitaji? Anayetumia ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyingine kila moja peke yake. Hapa ndipo nilipo mimi, na ndipo nadhani wapenzi wengi wa muziki huu wanapaswa kuwa. Sikio la mwanadamu halisikii besi sawasawa na sauti za kati, na kadiri unavyopunguza sauti, ndivyo besi inavyopotea haraka kuliko mengine. Watafiti Fletcher na Munson walichapisha vipimo vya jambo hilo Marekani mwaka 1933. Kiki iliyokuwa inakutikisa kwenye spika za ukumbini, ukiisikiliza usiku kwa sauti ndogo inabaki kama kidole kinachogonga meza. Wengi hutibu hilo kwa kupandisha sauti yote, na masikio ndiyo yanayolipa. Njia salama ni kupandisha besi peke yake. Kwenye Windows natumia Equalizer APO, kwenye simu ya Android natumia Wavelet. Napandisha eneo la chini ya hezi 100 kwa desibeli 4 hadi 6, kisha nashusha kiwango chote cha programu kwa desibeli zilezile ili mawimbi yasikatwe vichwa. Hatua hiyo ya kushusha usiiruke. Bila kushusha, nyimbo ambazo tayari zimejaa hadi juu zinaanza kukwaruza kwenye kila kiki.

Sasa zile desibeli 6 ulizoshusha lazima zirudishwe na kitu, na desibeli 6 ni mara mbili ya volti na mara nne ya nguvu. Volti zile 2.5 za DT 770 ya ohm 250 zinakuwa 5, na miliwati 25 zinakuwa 100. Hapo simu imeishiwa. Hapo ndipo amplifaya inapoingia, na sasa unajua unatafuta nini: miliwati 100 kwenye ohm 250 au 300.

Angalia namba hiyo imeandikwa kwa ohm ngapi. Watengenezaji wanapenda kutangaza nguvu kwenye ohm 32 kwa sababu huko namba inapendeza. Wati 1 kwenye ohm 32 ni volti 5.7, ambazo kwenye ohm 300 zinakupa miliwati 107 hivi. Bado ni sawa kwa mahitaji yetu, lakini ni mbali na wati 1. Kama karatasi ya vipimo haitaji ohm zozote, muulize muuzaji, na akishindwa kujibu usinunue.

Kitu cha pili ninachokagua ni impidansi ya tundu la amplifaya lenyewe. Isizidi moja ya nane ya ile ya hedifoni, maana yake kwa hedifoni ya ohm 32 isipite 4. Amplifaya nyingi za leo ziko chini ya ohm 2. Hatari iko kwenye redio kubwa za zamani zenye tundu la hedifoni mbele, ambazo nyingi huchukua umeme wa spika na kuupitisha kwenye rezista ya mamia ya ohm. Kwa hedifoni ya ohm chache, redio ya namna hiyo inaweza kuvimbisha besi ya juu na kuilegeza, na kwenye singeli utalisikia hilo mara moja.

Bei isikutishe, wala isikudanganye. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy alichapisha bure mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, mtu yeyote aijenge, na vipimo vyake vilionyesha kwamba usafi wa sauti hauhitaji kasha la fahari wala bei ya pikipiki. Tangu wakati huo kampuni kama JDS Labs, Schiit, Topping na FiiO zimeuza amplifaya ndogo ambazo kelele zake ziko chini ya kile ambacho sikio linaweza kukitambua. Ukishafika kwenye kundi hilo, tofauti za bei zinanunua vifungo, matundu na nguvu ambayo huenda usiitumie. Tundu la balansi la milimita 4.4 (lenye waya za peke yake kwa kila sikio), kwa mfano, linakupa volti zaidi. Kama volti ulizonazo zinatosha, achana nalo.

Jambo linalounguza vifaa vya watu wetu ni umeme. Ndugu aliyeko Marekani anatuma amplifaya, inafika salama, na adapta yake imeandikwa 120V peke yake. Hapa kwetu soketi ni volti 230, Kenya ni 240. Adapta za simu na laptopu zimetuzoesha kuona 100–240V, tukadhani zote ziko hivyo, lakini amplifaya kadhaa za mezani hutumia adapta ya transfoma inayotoa umeme wa AC, na hiyo imetengenezwa kwa volti za nchi moja tu. Soma adapta kabla ya kuichomeka. Wakati wa kuagiza, taja wazi kwamba unataka ya volti 230. Mimi nimechagua inayotumia USB ya laptopu, na umeme ukikatika katikati ya wimbo, wimbo unaendelea. Ukichagua ya USB, hakikisha karatasi yake inafika zile volti 5 tulizohesabu, kwa sababu si zote zinafika.

Kama una mita ya fundi, ile inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, unaweza kupima mambo haya mwenyewe. Pakua programu ya kutoa toni, weka hezi 60, hedifoni ikiwa imechomekwa lakini imelala mezani, mbali kabisa na masikio. Gusa mguso wa kushoto na wa grauni kwa kutumia kigawanyo cha waya (splita), mita ikiwa kwenye volti za AC. Panda taratibu, na ishia pale unapohitaji kujua, maana toni ndefu kwa nguvu nyingi inaweza kuiumiza hedifoni. Mita za bei ya chini zinasoma hezi 50 hadi 60 vizuri kwa sababu zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani. Njia hiyohiyo naitumia kulinganisha amplifaya mbili: naweka volti zilingane kabisa, kisha nasikiliza. Bila hivyo, iliyo juu kwa desibeli 1 tu itaonekana ndiyo yenye besi nzuri, na dukani mtu atakuuzia sauti kubwa ukidhani umenunua ubora.

Ukinunua amplifaya iliyokwisha kutumika, ijaribu kwa hedifoni yako. Weka geini (kiwango cha ukuzaji) ya chini, cheza wimbo wenye kiki katikati, zungusha kitufe cha sauti kutoka sifuri taratibu. Sauti ikianza sikio moja kabla ya jingine, kitufe chake hakiko sawa chini kabisa, na kwa anayesikiliza usiku huko ndiko atakakokuwa muda wote. Kikikwaruza kila unapokizungusha, kuna vumbi au kimechakaa. Kisha sitisha wimbo na upandishe sauti: ukisikia shhh au mvumo wa umeme, chomoa chaja ya laptopu usikilize tena. Mvumo ukiondoka, chaja ndiyo chanzo. Ukibaki vilevile, mrudishie mwenyewe.