Mahesabu ya dozi yananiangusha

SWALI: Assalaam alaykum. Niko kwenye mwaka wa mazoezi ya kazi ya ufamasia katika hospitali moja hapa Pemba, na mtihani wa usajili umebaki wiki 6. Dawa na kazi zake nazijua, ila mahesabu ya dozi yananiangusha kila nikijipima. Nianzie wapi? – Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanetu. Wengi wanaokosa mahesabu haya hawashindwi na kuzidisha wala kugawanya. Wanakosea mapema zaidi, pale wanaposoma nguvu ya dawa.

Tizama: mtoto ana kilo 12, anatakiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi ni miligramu 180. Chupa ikiwa ya miligramu 120 kwa mililita 5, gawanya 180 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Lakini ipo pia siropu ya miligramu 250 kwa mililita 5, na hiyo anastahiki mililita 3.6 tu. Ukimpimia 7.5 humo umempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo andika nguvu ya dawa pamoja na vipimo vyake juu ya karatasi kabla hujagusa kikokotoo. Swali likiendelea, mara 4 kwa siku kwa siku 3, hiyo ni mililita 90. Chupa zikiwa za mililita 60, toa 2. Anayejibu "chupa moja na nusu" amemsahau mama anayesubiri dirishani.

Asilimia nazo zina mtego wake. Asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 kwa mililita. Basi lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Adrenalini ya 1 kwa 1,000, yaani gramu 1 katika mililita 1,000, ni miligramu 1 kwa mililita, ya 1 kwa 10,000 ni miligramu 0.1. Sifuri moja hapo si jambo dogo. Kwenye kuzimua, ukiambiwa utengeneze lita 1 ya kloroheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.05 kutoka ya asilimia 5, unachukua mililita 10 kisha unajaza maji mpaka ifike 1,000. Kosa la kawaida ni kumimina hizo 10 juu ya lita nzima ya maji.

Dripu: lita 1 kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita. Matone 20,000 kwa dakika 480 ni kama 42 kwa dakika. Ukipata 2,500 ujue umesahau kugeuza saa kuwa dakika. Jizoeze kukisia jibu kwanza, ndipo ukokotoe.

Fanya maswali 10 kila siku baada ya alfajiri, akili ikiwa bado nyepesi, na uwe na daftari la makosa tu. Ukiwa zamu, nakili lebo 5 kutoka kwenye rafu, uzitungie maswali mwenyewe.

Jambo moja kwetu visiwani: ASAQ (artesuneti na amodiakwini) ya malaria iliingia Zanzibar mwaka 2003, wakati vitabu vingi vya bara vinafundisha ALu (artemetha na lumefantrini). ASAQ humezwa mara 1 kwa siku kwa siku 3. ALu ni dozi 6 kwa siku hizo hizo, pamoja na chakula chenye mafuta. Soma swali limetaja ipi.

SWALI: Dawa zinazogongana nizikariri vipi? Orodha haina mwisho. – Msomaji, Unguja

JIBU: Usikariri orodha, shika sababu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, dawa nyingine zikaisha mwilini upesi: vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na dolutegraviri, dawa ya VVU, hupanda kutoka miligramu 50 mara 1 hadi mara 2 kwa siku. Metronidazoli, antibiotiki, hufanya kinyume chake kwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: inaizuia isivunjwe, mgonjwa akavuja damu. Doksisaiklini, antibiotiki nyingine, yenyewe hunaswa tumboni na madini ya chuma na dawa za kiungulia, ndiyo maana hutenganishwa kwa saa 2 au zaidi.