Jibu: Mzee alikuwa mgambo Vita vya Kagera, aanzie wapi kudai pensheni?

Habari ndugu. Umesema baba yako, mgambo aliyepigana Vita vya Kagera 1978–79 (Tanzania na Uganda ya Idi Amin), kila ofisi anayokwenda anarudishwa.

Kwanza muulize: baada ya vita alirudi kijijini kama mgambo, au aliandikishwa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania? Hapo ndipo penye kila kitu. Kama ana namba ya jeshi, anadai kama askari. Kama hana, anaomba kutambuliwa kama mgambo aliyepigana, na barua ya maombi isichanganye hayo mawili. Baba yangu mdogo tulimwandikia "pensheni" tu, faili likakaa miezi minane.

Mkalishe mzee asubuhi akiwa na nguvu, uandike: brigedi yake, kamanda wake, alivukia wapi mpaka wa Uganda, alikuwa wapi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baba mdogo alikuwa na karatasi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kaikunja kwenye nailoni, mhuri umefifia karibu kupotea. Tuliipiga picha kabla haijachanika zaidi.

Tafuta wenzake wawili walio hai, waape kwa maandishi mbele ya wakili. Kisha nendeni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, na msiondoke bila nakala ya barua yenu iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Fanyeni mwezi huu ndugu yangu, mashahidi wanazidi kupungua.