Je, kila kinachowazika kinawezekana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma falsafa, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba maji kuwa H2O ni jambo la lazima, yaani haiwezekani yawe kitu kingine. Lakini mimi nayawazia maji yenye muundo tofauti bila shida, na hata wanasayansi walichelewa kuujua muundo huo. Kama ni muhali, yaani jambo lisilowezekana kabisa, nawezaje kuuwazia?

JIBU: Marahaba. Upande wako yupo mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, aliyeshikilia mwaka 1739 kwamba tunachokiwazia waziwazi hakiwezi kuwa muhali. Hata hivyo naona umechanganya mambo mawili: yale ambayo elimu yetu bado haijayaamua, na jinsi vitu vyenyewe vingeweza kuwa.

Tuanze na hesabu, maana huko tofauti hii huonekana vizuri zaidi. Mwaka 1742 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler barua iliyozaa dai hili: kila namba shufwa iliyozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Chukua 28: ni 5 na 23, au 11 na 17. Chukua 100: ni 3 na 97. Kompyuta zimekagua namba nyingi mno bila kukuta hata moja inayolivunja dai, ila uthibitisho haujapatikana. Kwa hiyo leo tunasema huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini ukweli wa hesabu haubadiliki kwa bahati. Kama dai ni kweli, namba ya kulivunja ni muhali kabisa, popote na wakati wowote. Nawe unaweza kuwazia magazeti yakitangaza kwamba namba hiyo imepatikana! Jiulize umewazia nini hasa: ni tangazo na watu wanaoliamini. Namba yenyewe hukuiona.

Sasa turudi kwenye maji. Mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha katika miaka ya 1780 kwamba yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni. Mwanafalsafa Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara yake mitatu ya Chuo Kikuu cha Princeton, Januari 1970, alisema hivi: unachowazia ni kimiminika kisicho na rangi, kinachokata kiu na kujaza maziwa, chenye molekuli nyingine. Kimiminika hicho kinawezekana. Ila si maji, ni kitu kinachofanana nayo, kama madini ya pairaiti yanavyong'aa mfano wa dhahabu bila kuwa dhahabu. Kilichowashtua wengi, waliolelewa na fundisho la mwanafalsafa Immanuel Kant kwamba jambo la lazima hujulikana kwa akili bila majaribio, ni kwamba hapa jambo la lazima limejulikana kwa majaribio ya maabara.

Una haki ya kubisha, lakini bisha mahali panapostahili. Hoja nzima inategemea sharti kwamba kuwa maji ni kuwa na muundo ule. Maabara haiwezi kukupa sharti hilo, ni la kifalsafa. Anayesema maji ni chochote kinachofanya kazi ya maji hatalikubali.

Wala Kripke hakuitupa fikra kama mwongozo wa kinachowezekana. Alidai kwamba ukikana uwezekano unaowazika, ueleze fikra imepotokea wapi. Kwa maji tumeeleza. Kwa maumivu njia hiyo imefungwa, maana kinachohisiwa kama maumivu ni maumivu. Ndiyo maana hakukubali kwamba maumivu ni hali fulani tu ya ubongo. Hoja hiyo imo katika mhadhara wa tatu, na ningependa uanze kusoma hapo.