"Xaxa bb anaumwa": ni Kiswahili gani hiki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mpwa wangu anayefanya biashara Kikuubo, Kampala, ameniandikia kwenye WhatsApp: "Shkm mjomba. Xaxa bb anaumwa xana, cc 2po hosp. Ntkpg bdae, ucjal." Mke wangu anasema kijana ananitishia kunipiga. Ni kweli? Na hizi "lol" na "omg" anazopenda kuandika zina maana gani? – Msomaji, Arua.

JIBU: Marahaba. Mwambie shemeji atulie, kijana hana ugomvi na mtu. Anasema: "Shikamoo mjomba. Sasa, bb anaumwa sana, sisi tupo hospitali. Nitakupigia baadaye, usijali." Hiyo "bb" nimeiacha kama ilivyo kwa sababu inaweza kuwa baba, babu au bibi, nami sipigi ramli. Mpigie kijana simu kwanza, kisha urudi kusoma yanayofuata. Ni marefu, na mgonjwa hangoji.

"Lol" ni kifupi cha Kiingereza, maana yake mtu anacheka kwa sauti. David Cameron, alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alidhani ni salamu za upendo mwingi akawa anamalizia ujumbe wake nayo, na jambo hilo likasemwa hadharani mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 2012. "Omg" ni "Ee Mungu wangu", nayo si ya vijana hata kidogo. Admirali Fisher wa Uingereza aliiandika katika barua kwa Winston Churchill mwaka 1917, akiwa mzee wa miaka 76. Kwa hiyo hapo vijana hawana kesi.

Kesi yao ni "xaxa".

Hebu tuhesabu pamoja. S-a-s-a, herufi nne. X-a-x-a, herufi nne. Kimefupishwa nini? "Sana" na "xana", "sawa" na "xawa", zote zinatoka sare. Mtu akikata suruali ikabaki na urefu uleule, fundi huyo tutamwitaje? Tena x haimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili, wala q haimo. Imekuja kwetu bila kualikwa, na kiti ilichokikalia ni cha s, herufi iliyokuwa ikifanya kazi yake vizuri bila kumlalamikia mtu.

Wapo wanaoitetea, na utetezi wao nitautaja kwa haki. Katika zile simu za tochi zenye vitufe, s ilikaa mwisho wa kitufe cha 7, ukaibonyeza mara nne. X ilikuwa kwenye kitufe cha 9, mara mbili tu. "Sasa" ilitaka kubonyeza mara kumi, "xaxa" mara sita. Haya, kwa simu ya tochi nakubali, dole gumba lilikuwa na shida zake. Lakini mpwa wako yuko kwenye WhatsApp, anagusa kioo, na kila herufi ni mguso mmoja. Kwenye kioo hicho s imekaa ubavuni mwa a, wakati x iko safu ya chini. Kijana anasafiri mbali zaidi ili akosee!

Nafasi nayo si kisingizio. SMS moja ilipewa herufi 160, nazo zinatosha mtu akijua anachotaka kusema. Ile ya kwanza kabisa, aliyoituma Neil Papworth huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ilikuwa salamu ya Krismasi iliyoandikwa kamili, bila kukatwa hata herufi moja. Hata serikali yetu ya Uganda ilipotutoza shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, haikuhesabu herufi. Uliandika "xaxa" ukalipa 200, uliandika "sasa" ukalipa 200.

"Ucjal" na "2po" zinanichekesha zaidi ya kuniudhi. Ili c isomeke "si" na 2 isomeke "tu", lazima kwanza uzitaje kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili 2 ni mbili, kwa hiyo mpwa wako amekuandikia "mbilipo". Bibi yangu asiyejua Kiingereza angeisoma hivyohivyo, na angekuwa sahihi kuliko kijana.

Hatari yenyewe iko kwenye "ntkpg" iliyomshtua shemeji. Kiingereza ukikiondolea irabu bado kinatambaa. Kiswahili kinakufa palepale, kwa kuwa irabu ndizo zinazobeba kazi. Kati ya "nitakupiga" na "nitakupigia" kuna i moja tu, na i hiyo ndiyo tofauti ya kofi na simu. Washairi wa Lamu na Mombasa walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walilijua hilo. Mwarabu huandika akaacha alama za irabu na wenzake wakamwelewa, lakini wao waliziweka, maana bila hizo baba, babu na bibi wote wangekuwa mtu mmoja. Jirani zetu Waganda nao wanajua: okusala ni kukata, okusaala ni kuswali. Ukila a moja unaweza kumpeleka muumini buchani.

Basi hukumu yangu ni hii. "N.k.", "k.m." na "S.L.P." ni raia wema, ziache. "Ntakuja" na "nko" nazipokea bila kinyongo, kwa sababu ndivyo watu wanavyotamka wakiwa na haraka. "Cjui" naivumilia kama nyimbo za jirani saa sita usiku. "Bb" ni marufuku panapohusu mgonjwa, maiti au pesa. Na "xaxa", hapana. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Sidhani kama Bunge litakuja kuyaweka mazingira ya "xaxa", na likiyaweka nitahamia Kisangani.

Kuna pia wanaoandika "xhkm". Hao siwaitikii.