Ukifunga deskitopu ya pili, madirisha hayafungwi

Je, ukifunga deskitopu ya pili, yaani eneo la kazi la ziada unalofungua kwenye skrini ileile ili kugawa madirisha, unapoteza ulichofungua humo? Hapana, hupotezi kitu. Kwenye Windows 10 na 11, ukiifunga, madirisha yaliyokuwa humo yanahamia ile ya jirani, yakiwa wazi vilevile. Natumia hivi kila mwisho wa mwezi, mishahara deskitopu moja, barua pepe na WhatsApp nyingine. Juzi nilifunga ya pili nikiwa na jedwali la Excel ambalo sijalihifadhi, likaibukia ya kwanza na safu zote nilizojaza zimo.

Cha kuangalia ni vidole. Kufunga deskitopu ni Windows + Ctrl + F4. Ukikosea ukabonyeza Alt + F4, hapo unafunga dirisha lenyewe, na ukilijibu haraka lile swali la kuhifadhi, kazi imekwenda. Kufungua mpya ni Windows + Ctrl + D, kuhama ni Windows + Ctrl na mshale wa kushoto au kulia. Ila usitegemee kompyuta iwe nyepesi kwa kuwa umegawa madirisha, maana programu zote bado zinakula RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ileile.