Kioo cha dirisha kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu

Nyumba yetu iko Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya tatu kutoka Barabara ya Mandela, ambayo ndiyo njia ya malori yanayotoka bandarini kuelekea Ubungo na kuendelea bara. Kelele za mchana tulikwisha kuzizoea. Usiku wa manane, hata hivyo, lori lenye tela linapopunguza mwendo na breki zake za upepo zikapiga chafya, mtoto huamka, na sisi wazazi huamka naye. Kwa miaka minne tulikuwa na madirisha ya luva, ambayo hata yakifungwa kabisa ni kama hayajafungwa.

Nilipopata fedha nilikwenda duka la vioo, nikauliza ni kioo gani kinachozuia kelele. Nikauziwa cha rangi cha milimita 6, kwenye fremu za alumini za kusukuma. Kelele ilipungua, lakini haikulingana hata kidogo na fedha iliyonitoka, na hapo ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: sauti inaingilia wapi?

Usiku mmoja wenye upepo nilifunga kila dirisha, nikazima feni, nikawasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole kando ya fremu. Pale vioo viwili vinapopishana katikati, moshi ulipinda kama unaovutwa na uzi. Kwenye reli ya chini, ambako fundi hutoboa vitundu vya kutolea maji ya mvua, ulitawanyika wote. Kisha nikainua macho: juu ya dirisha kulikuwa na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu wa mbu tu, na wavu wa mbu hauzuii honi. Mwanya ulio sawa na asilimia 1 ya eneo la dirisha hufanya dirisha zima lishindwe kukata zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kioo kiwe kinene namna gani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kioo. Chagua dirisha la bawaba, ambalo ukizungusha kitasa hujibana kwenye mpira pande zote nne, kuliko la kusukuma ambalo huziba kwa brashi za manyoya. Na nafasi kati ya fremu na ukuta ijazwe vizuri, isipakwe silikoni juu juu ya kufichia macho.

Baada ya hapo kioo kina maana, na kinachoanza kuhesabiwa ni uzito wake. Kila milimita ya unene huongeza kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba, na ukizidisha uzito mara mbili unapata nafuu ya desibeli 5 au 6, wakati sikio huhitaji upungufu wa desibeli 10 hivi ili lihisi kwamba kelele imebaki nusu. Ndiyo maana kutoka milimita 5 kwenda 6 ni kupoteza fedha. Rangi haibadilishi chochote kuhusu sauti. Kioo cha tempa, kile kinachovunjika kuwa chembe ndogo ndogo, ni kizuri kwa usalama wa watoto, lakini kwa unene uleule hupitisha kelele ileile.

Kilichotufaa ni kioo cha laminati, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, kama kioo cha mbele cha gari. Kioo cha kawaida cha milimita 6 hutetemeka kwa urahisi kwenye masafa ya karibu hezi 2000, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde, na kuipitisha sauti ya hapo bila ukaidi. Utando ule humeza sehemu ya mtetemo huo. Dirisha la vioo viwili vyenye hewa katikati nalo husifiwa sana, ila vioo viwili vya milimita 4 vilivyoachana kwa milimita 12 huitikia pamoja muungurumo wa karibu hezi 250, na injini ya lori inaunguruma humo humo na chini yake. Ukipenda njia hiyo, vioo visiwe na unene sawa. Bora zaidi, kama ukuta unaruhusu, liache dirisha la zamani mahali pake na uongeze la pili upande wa ndani, nafasi kati yao ifikie sentimita 10.

Sikuwa na uwezo wa nyumba nzima, nikabadilisha chumba cha kulala peke yake: laminati ya milimita 4 na 4, ambayo ni takriban kilo 20 kwa mita ya mraba. Fundi alitaka kutumia bawaba nyepesi alizobaki nazo kutoka kazi nyingine, nikakataa, maana jani la dirisha likishuka kidogo tu mpira haubani tena na kazi yote imeharibika.

Joto ndilo lililotusumbua baadaye. Matundu ya hewa ya upande wa barabara tuliyaziba kwa zege, ya upande wa uani tukayaacha wazi, na feni ya dari sasa huzunguka usiku kucha kuanzia Novemba hadi Machi. Malori bado nayasikia, lakini kwa mbali, kama yanayopita mtaa wa pili, na mtoto hayasikii kabisa. Jikoni luva zimebaki, kwa sababu moshi wa kukaangia samaki lazima utoke.